Nyanya zako hazihitaji mzinga

Wiki hii nimepigiwa simu ya nne yenye maneno yaleyale. "Shikamoo bwana nyuki. Maua ya nyanya yanapukutika, nataka mzinga mmoja wa kisasa niuweke uani." Kijana ana kiwanja cha mita 20 kwa 20 hapa Morogoro, watoto wawili, mbuzi wa kufungwa kamba, na jirani ukuta kwa ukuta. Marahaba mwanangu. Mzinga sikupi.

Nimefuga nyuki tangu nilipotoka chuoni Tabora, na nawapenda, ndiyo maana nakataa. Nyuki wetu wa asali si wale wa kwenye video za Ulaya, mtu kavaa kaptura anainua masega mikono mitupu. Awe wa jamii ya scutellata wa huku bara, awe wa jamii ya litorea wa pwani, nyuki huyu analinda nyumba yake kwa roho yake. Mmoja akidunga anaacha mwiba, na pamoja na mwiba harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Harufu hiyo ndiyo mbiu ya mgambo kwa wenzake. Mbuzi aliyefungwa kamba hakimbii. Nimeshaitwa kwenye nyumba ambayo mbuzi hakukimbia, na sitaki kuitwa tena.

Hilo la hatari watu hulikubali upesi. Linalonichosha ni jingine: kuamini kwamba nyuki ni yule wa mzingani tu, na asiye na mzinga hana nyuki. Jamani! Aina za nyuki zilizokwisha kupewa majina duniani zinapita 20,000, na walio wengi hawana malkia, hawana kundi, hawana asali ya kuvuna. Jike mmoja anachimba nyumba yake, anaweka humo donge la chavua na mbochi (maji matamu ya maua), anataga yai juu yake, anaziba, anaendelea na chumba kingine. Wengi wanaishi ardhini, kwenye udongo mtupu uleule mnaoufagia kila alfajiri mpaka ung'ae.

Na nyanya sasa. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo mnaponikera.

Ua la nyanya linaning'inia likitazama chini. Katikati lina koni ya njano, na chavua imefungiwa ndani ya koni hiyo. Njia ya kutokea ni uwazi mdogo kwenye ncha, kama kile kichupa cha chumvi cha hotelini. Kukwangua kwa nje hakusaidii. Lazima itikiswe. Nyuki wa asali hana ujuzi huo. Isitoshe, ua la nyanya halina mbochi, kwa hiyo hata akipita hapati cha kumweka. Unaweza kupanga mizinga kumi kando ya tuta la nyanya, na nyuki wote wakaruka juu ya vichwa vya nyanya kwenda kwenye mwembe wa jirani.

Anayeijua kazi hiyo ni mwingine. Kuna nyuki mnene kiasi, mwenye manyoya kifuani na mistari myeupe, mara nyingine ya kibuluu, tumboni. Wataalamu wanamwita Amegilla. Hatulii, anaelea mbele ya ua ulimi ukiwa nje tayari, halafu anachomoka. Mfuate mpaka atue kwenye nyanya. Utaona anaiuma ile koni kwa taya, anajikunja kuizunguka, mabawa anayalaza mgongoni. Halafu anatikisa misuli ileile ya kurukia, mabawa yakiwa yametulia. Sauti inabadilika hapohapo: alipokuwa angani alivuma besi, sasa mvumo umepanda, mwembamba, wa vipande vifupi. Chavua inammwagikia tumboni kama unga. Akishaondoka, inama uitazame koni: utakuta vidoa vya kahawia pale taya ziliposhika. Ukiona vidoa hivyo, mgeni alifika hata kama hukumwona. Bilinganya, nyanya chungu na mnavu ni ukoo mmoja na nyanya, habari yao ni hiyohiyo.

Nijikosoe kabla hamjasema mwamba ngoma huvutia kwake. Nyanya inaweza kujichavusha yenyewe, na bustanini pasipo na paa upepo pekee unatikisa maua mengi. Mtikiso wa nyuki unaongeza na kuboresha, lakini siwezi kusema kila ua lililodondoka limedondoka kwa kukosa nyuki. Kwa yule kijana nilipouliza maswali mawili matatu nikagundua anamwaga urea kila wiki na maji anamwagilia akikumbuka. Weka na joto la usiku la miezi hii. Hapo hata Amegilla mia wasingemwokoa. Kwenye kitalu nyumba, ambako upepo hauingii, ningezungumza vingine.

Kisha kuna yule nyuki mkubwa mweusi, mwenye mkanda mweupe au wa njano mgongoni, anayetoboa boriti ya banda la kuku na kuacha unga wa mbao chini. Kila mtu anamkimbilia na dawa ya mende. Jike anao mwiba, ila umfinye mkononi ndipo autumie. Dume, yule anayekuja kukuelea usoni kama anataka ugomvi, hana mwiba kabisa. Na mnaopanda pasheni ndio mnaoniuma zaidi. Sehemu ya ua la pasheni inayopokea chavua imesimama juu. Nyuki wa asali anapita chini yake, anajichotea, anaondoka bila kuigusa. Huyu mkubwa akiingia mgongo wake unafika. Pasheni ya njano, tena, haipokei chavua yake yenyewe, inataka ya mche mwingine, na huyu ndiye mbebaji. Ukimpulizia dawa umekata tawi ulilokalia. Akikuharibia boriti, ipake rangi, umtundikie gogo kavu pembeni.

Majani ya mawaridi yaliyokatwa mviringo safi kama kwa sarafu: ni nyuki pia, anatandika vyumba vya mayai yake. Yaacheni.

Maboga na matango nakubali, nyuki wa asali anayaweza vizuri. Maua ya maboga yanafunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri yamekwisha kujifunga, kwa hiyo anayepuliza dawa saa mbili asubuhi anawaua walio kazini. Kama lazima upulize, subiri jua lizame.

Vitabu vinasema kundi lililotua kwenye tawi halidungi, kwa kuwa halina majana (watoto wa nyuki) wala asali ya kulinda. Kwa kawaida ni kweli, na kwa kawaida litaondoka lenyewe. Lakini mimi nimedungwa na kundi lililokaa siku mbili kwenye mpera, njaa na mvua vimelichosha. Ingizeni watoto ndani, moto msiwashe. Na wale wadogo weusi kama punje za ufuta, ukiwaona wanaingia kwenye kijibomba cha nta ukutani, ni nyuki wadogo wasiodunga, asali yao nyepesi na chachu. Wakiwa peke yao juu ya ua, bila kijibomba, mimi mwenyewe baada ya miaka yote hii siwatofautishi na nyuki wengine wadogo weusi bila hadubini, na anayekuambia anawatofautisha kwa macho, muombe akuonyeshe.

Kijana nilimwambia afanye mambo matatu. Aache kona moja ya uwanja bila kufagia. Aache mrehani utoe maua badala ya kuukata. Na jioni, jua likizama, aende kwenye vijiti vya mrehani na tochi: madume ya Amegilla hulala hapo, kila mmoja amekiuma kijiti kwa taya, miguu imejikunja, mwili umenyooka hewani. Alicheka, akadhani namtania.

Juzi alinitumia ujumbe wa sauti. Hakusalimia, hakusema kitu. Upepo kidogo, jogoo wa jirani, mtoto akiuliza "baba, nini?", halafu mvumo mnene unakaribia, unakatika, na unarudi juu kabisa, mwembamba, vipande vitatu.

Nimeusikiliza mara kumi.