Gobore Halilii Mara Tano

Kila zikivuma habari kwamba kuna watu wanataka kutengeneza picha kubwa ya Vita vya Majimaji, simu yangu haitulii. "Mwalimu, safari hii watatutoa kimasomaso?" Ninahakiki filamu, naishi Lindi mjini, na vita vyenyewe viliwakia mkoani kwetu. Julai 1905, kijijini Nandete kwenye milima ya Matumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima. Picha ya namna hiyo ikija huku haitazamwi kama burudani tu. Inatazamwa kama mtu anavyotazama sura ya babu yake iliyochorwa na mgeni. Kabla ya kusifu rangi anauliza: amefanana?

Wahakiki wa redioni na mitandaoni hupima ukubwa: kamera ya angani, wingi wa waigizaji, sauti, mavazi yaliyogharimu. Hayo ni ya haki, na mimi mwenyewe huyaandika. Lakini kwenye kibanda umiza, kibanda chetu cha kuonyeshea video, watu hupima mikono. Wanatazama jinsi mtu anavyoshika jembe, anavyotwanga, anavyobeba mzigo kichwani. Mkono ukidanganya, hata machozi ya mwigizaji hayaaminiki tena.

Nilifundishwa jambo hilo na mzee mmoja wa upande wa Kipatimu, mwindaji wa zamani, tulipokaa pamoja kwenye kibanda karibu na soko. Ilikuwa picha ya kivita ya kwetu, ya vita vya zamani. Jina la picha hiyo niliache. Mpiganaji mmoja akafyatua gobore mara tano mfululizo, vijana wakashangilia, mzee akanyanyuka akatoka. Nikamfuata nje.

"Mzee wangu, mbona unaondoka na picha bado?"

"Mwanangu, gobore halilii mara tano."

Akaokota fimbo akanionyesha palepale ukutani. Unasimamisha mtutu, unamimina baruti kwa kipimo, unatia kitambaa, unashindilia kwa mdeki. Unatia risasi, unashindilia tena. Unachomoa mdeki, na ole wako ukiusahau ndani. Unapachika fataki, unainua, unalenga. Mikono yake ilikwenda bila haraka, kama ya mtu anayefunga kilemba. Muda wote huo, akaniambia, mnyama anakutazama.

Tangu siku ile siwezi kuliita kosa la gobore dogo. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji walishambulia boma la Mahenge, na bombomu za Wajerumani, yaani bunduki za rashasha, zikawafyeka. Bunduki ile hutoa risasi zaidi ya 500 kwa dakika. Uchungu wote wa vita hivi uko katika muda ule wa kushindilia: mtu amepiga magoti, mdeki mkononi, na mbele yake kuna mashine isiyopumzika. Mwongozaji akimpa risasi tano za bure, ameufuta uchungu huo kwa mkono wake mwenyewe. Mzee hakuwa anatafuta kasoro. Alikuwa amegundua kwamba hadithi imeondolewa moyo.

Vivyo hivyo kwa mandhari. Pamba iling'olewa Julai, baada ya mvua za masika kuisha, nyasi zikiwa zimeanza kukauka. Ukipiga picha hiyo mwezi Machi, mkulima wa Ruangwa atacheka kabla hajasikia neno. Ukiweka nyuma ya wapiganaji mikorosho iliyopangwa mistari, mtu wa Newala au Tandahimba atajua umepita shambani kwake, maana kilimo kikubwa cha korosho kilishamiri baada ya Vita Kuu ya Pili. Mavazi nayo: kaniki na merikani, si vitenge vya dukani. Haya yote hayana gharama kubwa. Yanataka kuuliza tu.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo mimi na kibanda hatuelewani.

Kibandani hata watoto wanajua kwamba stelingi hafi. Akifa, picha limeisha, watu wanavaa ndala zao. Sasa Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, ambaye kila mtu humtaja kama stelingi wa Majimaji, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vimewaka. Viliendelea mpaka 1907. Mwandishi wa skripti anashawishika kumsogeza mbele, anyongwe mwishoni, muziki ukilia. Hapo nasema hapana. Maji yalitembezwa na wajumbe walioitwa mahongo, ukoo kwa ukoo, kutoka kwa watu wa Rufiji na Umatumbi mpaka Ungoni, ambako akina Songea Mbano nao walikuja kunyongwa mwaka 1906. Vita hivi havikuwa na stelingi mmoja. Kama ningepewa skripti hiyo, ningekifuata kibuyu: maji, mafuta ya nyonyo na punje za mtama, kikitoka mkono huu kwenda mkono ule, na kila anayekipokea anaamini kwa sababu yake.

Wengine hunijibu kwamba msanii ana uhuru, na wananitajia Ebrahim Hussein, mtoto wa Kilwa, na tamthiliya yake *Kinjeketile* ya mwaka 1969. Ni kweli. Lakini Hussein alisema wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa ubunifu, si yule mtu wa historia, na alichobadilisha alikibadilisha ili atuulize swali gumu kuhusu imani inayowaunganisha watu huku ikiwapeleka mautini. Alipata kitu kwa mabadiliko yake. Gobore la risasi tano linapata makofi ya sekunde kumi.

Na wenzangu wa mjini wana udhaifu wao, unaoniumiza zaidi. Picha ikiwa ya kwetu wanaifunika. "Tusiwavunje moyo vijana," niliambiwa mara moja baada ya kuandika uhakiki mkali. Siwavunji moyo. Kumhakiki mtu kwa ukamilifu ndiyo heshima ninayoijua, na waliokufa katika vita hivi, makadirio yakianzia 75,000 na kufika hata 300,000, hawastahili picha inayosifiwa kwa huruma. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Jeshi la Gavana von Götzen lilichoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza kazi. Bado sijaona mtu akidiriki kuiacha kamera ikae mbele ya ghala tupu, dakika nzima, bila muziki.

Halafu kuna lugha. Watu wa Nandete mwaka ule walikuwa wanazungumza Kimatumbi majumbani mwao, wala hawakuongea kama wasoma taarifa ya habari. Natamani mama amlilie mwanawe kwa Kimatumbi, Kiswahili kiandikwe chini ya picha. Nilipomweleza mzee wangu wazo hilo alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama watu wa Dar es Salaam watavumilia kusoma. Nikamwambia watavumilia. Nimemwahidi kiti cha mbele siku picha hiyo ikifika Lindi, naye amekubali kuja, ila atakachokitafuta kwanza ni mdeki.