Meya Junius wa Bamberg hakuuawa na umati

Ikitajwa tu kesi ya Johannes Junius, meya wa Bamberg, mji wa Ujerumani, aliyeuawa kwa kosa la uchawi Agosti 1628, hakosi mtu wa kuleta habari za umati wenye hasira na mienge mkononi. Umati huo haukuwepo.

Dhana: Ulikuwa ujinga wa watu, sheria haikufuatwa.

Sheria ilikuwepo, na kwa njia yake ndipo alipouawa. Tangu 1532 Dola Takatifu ya Kirumi, yaani dola ya Ujerumani ya wakati huo, ilikuwa na kanuni ya jinai iitwayo Carolina. Kwa kanuni hiyo, mtu hateswi bila dalili za kutosha. Hahukumiwi kifo bila mashahidi wawili walioona kwa macho, au akiri mwenyewe. Na akikiri kwenye mateso, sharti ayarudie maneno hayo baadaye, nje ya mateso.

Tatizo ni kwamba uchawi hauna shahidi wa macho, kwa hiyo kila kitu kiliangukia kwenye kukiri. Bamberg, chini ya askofu-mtawala Johann Georg Fuchs von Dornheim, uchawi ulifanywa kosa la pekee ambalo vizuizi vya kawaida havikulibana. Kutajwa na waliokwisha kukiri kulitosha kuwa dalili.

Fuata tarehe. Juni 28, Junius anahojiwa, anakana. Juni 30 anabanwa vidole gumba kwa skrubu, kisha miguu, halafu anafungwa mikono mgongoni, anavutwa juu kwa kamba na kuachiwa. Karani anaandika kwamba hasikii maumivu. Yaani uvumilivu nao ni ushahidi: shetani anamsaidia! Wanamkuta na alama mwilini, wanaidunga, haitoi damu, ishara kwao kwamba ni alama ya shetani; hilo nalo linaandikwa. Julai 5 anakiri, “bila mateso”. Akikana tena, anarudishwa kwenye kamba, na hilo alilijua.

Kisha wanataka majina. Alipitishwa mtaa kwa mtaa ataje watu aliowaona kwenye ngoma za wachawi. Kila jina ni faili jipya. Asiyeelewa hatua hii hataelewa kwa nini mji ulijimaliza wenyewe.

Ushauri wangu: soma kumbukumbu za mahakama kwanza, ndipo usome barua aliyomwandikia bintiye Veronika kwa siri Julai 24. Humo anasema alivutwa juu mara nane, na kwamba mnyongaji mwenyewe ndiye aliyemsihi abuni chochote. Wanaoanza na barua hulia, lakini utaratibu hawauoni.

Dhana: Ni mambo ya Zama za Kati. Hapana. Ni 1628, katikati ya Vita vya Miaka Thelathini huko Ulaya, Zama za Kati zilikwisha zamani.

Dhana: Ni kazi ya Inkwizisheni ya Roma, mahakama ya Papa ya kusaka wazushi. Ilikuwa mahakama ya askofu akiwa mtawala wa nchi. Roma, kwa wakati huo, ilikuwa na tahadhari zaidi kuhusu kesi za uchawi.

Dhana: Waliouawa ni vikongwe maskini tu. Wanawake walikuwa wengi, ni kweli. Lakini mwaka huohuo aliuawa Georg Haan, chansela na daktari wa sheria, aliyeonekana mlegevu kwa wachawi. Mkewe na bintiye walimtangulia. Mke wa Junius naye alikuwa ameshauawa.

Dhana: Watu walichoka, mauaji yakaisha yenyewe. Jamaa za waathirika walipeleka malalamiko kwenye baraza la mfalme mkuu huko Vienna. Mfalme huyo, Ferdinand II, akaagiza watuhumiwa waruhusiwe kujitetea, na akapiga marufuku kutaifisha mali zao. Mwaka 1631 majeshi ya Sweden yakakaribia, na mauaji yaliyobaki yakasimama.