Toleman haikuwa mkweche, naomba tuliweke sawa hili

Mi ni fundi wa turbo na wateja wangu wengi ni wapenzi wa langalanga (Formula 1), kwa hiyo nikishafungua turbo ya mtu pale mezani stori lazima ihamie kwa Ayrton Senna, dereva aliyeanzia langalanga kwenye timu ya Toleman, na hapo ndo naisikia tena ile kauli: "Senna alilibeba lile debe la Toleman peke yake." Nimeisikia mpaka basi, leo naiandikia.

Senna kaingia Toleman 1984. Haya, msimu wa kabla yake hayupo, wanaoendesha ni Derek Warwick na Bruno Giacomelli, na timu inaokota pointi mbio nne za mwisho mfululizo: Zandvoort Warwick wa 4, Monza wa 6, Brands Hatch wa 5 na Giacomelli yuko nyuma yake wa 6, halafu Kyalami kule Afrika Kusini Warwick tena wa 4. Debe gani linafanya hivyo? Hiyo 1984 yenyewe, timu ilimsimamisha Senna mbio za Monza kwa sababu alisaini Lotus bila kuwaambia, Stefan Johansson akaendesha gari la timu hiyo, akamaliza wa 4. 1985 Senna keshahama na Teo Fabi akaweka muda bora kuliko wote Nürburgring akaanza mbele ya gridi nzima. Hizo zote Senna hayumo.

Simshushi Senna, mi mwenyewe namkubali kupita kiasi. Ila inaniuma watu wakimfuta Rory Byrne, maana yeye ndo alikuwa anayachora hayo magari, Mwafrika Kusini, na ndiye huyohuyo aliyekuja kuchora Benetton na Ferrari alizochukulia ubingwa Schumacher. Mtu kama huyo hakuanza kujua kazi baada ya Senna kutokea.

Walipoteseka kweli ni 1981. Ted Toleman alikuwa na kampuni ya kusafirisha magari, na 1980 timu yake ilitawala Formula 2, daraja la chini ya langalanga, Brian Henton bingwa, Warwick wa pili. Wakapanda langalanga wakaanzia Imola na gari zito, turbo inachelewa kuamka, joto haliishi, na msimu mzima walifuzu kuanza mbio mara mbili tu, Henton kule Monza na Warwick Las Vegas. Hapo ukisema debe sikubishii. Lakini angalia walikuwa wanashindana na nani, Renault na Ferrari wenye viwanda vyao, na wao injini yao inatoka kwa Brian Hart, karakana ndogo ya Uingereza, silinda nne, lita 1.5.

Na huyo Hart mi namheshimu sana. Ukiongeza busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, presha ndani ya silinda inapanda na kitu cha kwanza kulia ni gasketi ya silinda hedi. Yeye akaamua bloku na silinda hedi vimwagwe kitu kimoja, hakuna maungio, hakuna gasketi ya kuungua! Kazi ya kuitengeneza inakuwa ngumu maana vavu unazifikia kwa kupitia chini kwenye silinda, ila tatizo kalikata mzizi. Ndo maana wateja nawaambia kila siku, usije kwangu kuniomba busti kubwa wakati gasketi na intakula (kipoza hewa ya turbo) hujaziangalia, turbo utailaumu bure.

Kilichokuja kuwamaliza siyo injini, ni tairi, na hili hakuna anayelitaja. 1984 waligombana na Pirelli waliokuwa wanawapa tairi, Imola Ijumaa hawakuingia barabarani kabisa, Jumamosi presha ya mafuta ikasumbua, Senna akakosa kufuzu, mara moja pekee maisha yake yote ya langalanga. Wakahamia Michelin kuanzia Dijon. Mwisho wa mwaka Michelin wakajitoa kwenye mashindano, Goodyear hawakuwapa, Pirelli walishakosana nao. Gari lipo, injini ipo, tairi hamna, wakakosa mbio tatu za mwanzo za 1985 mpaka walipochukua mkataba wa Pirelli wa timu ya Spirit, ndo wakarudi Monaco. Msimu ule wakamaliza bila pointi hata moja.

Kauli nyingine ninazozisikia nazipitia harakaharaka.

"Monaco 1984 Senna kaibiwa ushindi." Kaanza wa 13, mvua kubwa, mbio zinasimamishwa mzunguko wa 31 yeye wa pili na anamkaribia Alain Prost anayeongoza, kwa kasi, sawa. Ila nyuma yake kulikuwa na Stefan Bellof na Tyrrell isiyo na turbo, na yeye anakuja. Nani angemaliza mbele hakuna anayeweza kuapa. Na huyo Prost mnayesema alipendelewa alipata nusu ya pointi za ushindi, yaani 4.5, na mwisho wa msimu akakosa ubingwa kwa Niki Lauda kwa nusu pointi tu!

"Enzi zile ukiwa na turbo tu uko mbele." Rudi usome 1981 hapo juu.

"Toleman ilikufa." Haikufa, iliuzwa. Benetton waliichukua, 1986 wakafunga injini ya BMW na Gerhard Berger akashinda Mexico mwaka huohuo. Timu ileile ikaja kuitwa Renault, Alonso akachukua nayo ubingwa 2005 na 2006, na sasa hivi ndo hiyo mnayoiona inaitwa Alpine.