Msimamizi wa Seva ya Mazungumzo: Sajili Kwanza, Mamlaka Baadaye

Taasisi inayotaka mazungumzo ya wafanyakazi wake yabaki kwenye seva yake yenyewe inaweza kutumia ejabberd, programu huria ya seva ya mazungumzo iliyoanzishwa na Alexey Shchepin mwaka 2002. Kuisimika si kazi ngumu. Utulivu unahitajika pale unapoamua nani awe msimamizi.

Katika ejabberd, usimamizi ni jina tu lililoandikwa kwenye faili la mipangilio, ejabberd.yml, sehemu ya acl, yaani orodha ya ruhusa. Seva haijui jina hilo ni la nani. Yeyote anayeingia kwa jina hilo na nywila yake, ndiye mwenye mamlaka. Sasa chukua fundi aliyeandika jina la msimamizi kwenye faili, akaacha usajili wazi kwa kila mtu, akaondoka kabla ya kusajili akaunti yenyewe. Mpita njia akijisajili kwa jina lile, amekabidhiwa funguo za nyumba nzima, na seva haitaona kosa lolote.

Kwa hiyo anza na akaunti: andika amri ejabberdctl register, kisha jina, kikoa (jina la mtandao linalohudumiwa na seva) na nywila. Nywila iliyoandikwa kwenye mstari wa amri huweza kubaki katika kumbukumbu ya amri za kompyuta, basi ibadilishe mara tu ukishaingia. Ndipo uandike jina hilo kwenye acl pamoja na kikoa chake. Ukiandika jina peke yake kwenye seva yenye vikoa viwili, mwenye jina hilo katika kikoa chochote kati ya hivyo anakuwa msimamizi. Akaunti hii isitumike kwa soga za kila siku.

Ukurasa wa usimamizi kwa kawaida husikiliza poti 5280, na mara nyingi bila TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano. Usiuachie intaneti. Uelekeze kwenye 127.0.0.1, anwani ya ndani ya seva yenyewe, kisha uufikie kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva kwa mbali.

Kuna mlango mwingine ambao naomba mafundi wenzangu wauangalie leo. Ejabberd imeandikwa kwa lugha ya Erlang, na mashine za Erlang hutambuana kwa siri moja iliyo kwenye faili la .erlang.cookie. Mwenye siri hiyo, akifikia poti ambazo mashine hizo huzungumzia, anaweza kuiamuru seva lolote bila akaunti wala nywila ya msimamizi. Acl yako yote haimzuii. Faili hilo lisomwe na mtumiaji anayeendesha ejabberd tu, na poti 4369, ambayo mashine hizo hutafutana kwayo, pamoja na zile wanazozungumzia zifungwe kwa watu wa nje. Nakala za akiba nazo zilindwe, maana faili hilo huweza kusafiri nazo.

Wafanyakazi nao waambiwe ukweli: kama seva inahifadhi kumbukumbu za mazungumzo, msimamizi anaweza kusoma ujumbe usiosimbwa kwa OMEMO, usimbaji unaowaacha mwandishi na mpokeaji tu wausome. Idadi ya wasimamizi iwe ndogo kwa sababu hiyo hasa.

Msimamizi akihama kazi, mpangilio unageuka. Ondoa jina lake kwenye acl, pakia upya mipangilio kwa ejabberdctl reload_config, hakikisha mamlaka yameondoka, ndipo ufute akaunti. Ukianza kwa kuifuta akaunti na jina likabaki kwenye faili, usajili ukiwa wazi, mtu mwingine atajisajili kwa jina lile lile na kukuta mamlaka yanamsubiri.