Kurudi kwenye programu baada ya arobaini: ingia kwa mlango wa msimbo wa zamani

Watu wanaotaka kurudi kuandika programu baada ya kukaa pembeni miaka mingi huniuliza karibu wote swali moja: "Dada, nijifunze lugha gani sasa?" Nami huwauliza: uliacha ukiandika lugha gani? Akisema Java, PHP, C# au hata COBOL, namwambia aanze hapohapo. Wengi hawalipendi jibu hilo. Wanadhani nimewaona wazee mno kujifunza kitu kipya. Mimi nawaelekeza penye kazi.

Niliacha enzi za Java 6, msimbo wetu ukihifadhiwa kwenye Subversion, mfumo wa zamani wa kutunza historia ya msimbo, nikaenda kulea watoto na baadaye kumuuguza mzazi. Nilirudi nikiwa nimevuka arobaini. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupitia msimbo wa wenzangu kabla haujaingia kwenye mfumo, na mara kwa mara nakaa kwenye jopo la usaili, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza.

Yapo mambo yaliyobaki palepale, tena mengi kuliko mtu anavyotegemea. Edgar Codd alichapisha makala yake kuhusu kanzidata za uhusiano (zinazopanga data kwa majedwali) mwaka 1970, SQL, lugha ya kuziuliza kanzidata hizo, ikawa kiwango rasmi Marekani mwaka 1986, na hadi leo ukifungua mfumo wa malipo, wa hospitali au wa mishahara, aghalabu utakuta majedwali na SELECT zilezile, amri za kuchota data. Jedwali kubwa lisilo na faharasa bado linaifanya hoja, yaani ombi linalotumwa kwenye kanzidata, ichukue dakika badala ya sekunde. Miamala miwili inayogombania mistari ileile ya jedwali bado inakwamana. Hitilafu ninayokutana nayo mara nyingi ninapopitia msimbo wa vijana ni ileile iliyotutesa sisi: kitanzi kinacholeta orodha ya wateja, halafu kwa kila mteja kinarudi kwenye kanzidata kuuliza anwani yake. Wakiwa wateja kumi, hakuna anayegundua. Wakifika elfu kumi, ukurasa haufunguki. Siku hizi kosa hilo ni jepesi zaidi kutendeka, maana SQL imefichwa nyuma ya maktaba zinazoiandika zenyewe, na aliyelelewa ndani ya maktaba hizo huenda hajawahi kuitazama hoja inayotumwa. Wewe uliyeziandika kwa mkono unalinusa tatizo kabla hujalipima.

Herufi nazo hazijaacha kusumbua. UTF-8, namna ya kuhifadhi herufi za lugha zote kwenye kompyuta, ilibuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, na bado watu wanapoteza siku nzima kwa ajili yake. Kwenye kanzidata ya MySQL, kwa miaka mingi mpangilio ulioitwa utf8 ulibeba baiti tatu tu kwa kila herufi, ilhali UTF-8 kamili inahitaji hadi nne. Mtumiaji akiandika emoji, maandishi yanakataliwa au yanakatwa katikati. Dawa yake, utf8mb4, ilikuja na MySQL 5.5 mwaka 2010, lakini jedwali lililoundwa kabla ya hapo halijibadilishi lenyewe. Kuna mtu lazima akalibadilishe, na mtu huyo anatakiwa aelewe anachokigusa.

Kilichobadilika kwelikweli ni safari ya msimbo kutoka kwenye vidole vyako hadi kwa mtumiaji. Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana miradi ya Git, ikafuata 2008, kwa hiyo aliyeondoka miaka hiyo anaweza kuwa hajaigusa kabisa. Hapa usipite haraka. Amri zenyewe mtu anazizoea upesi. Kinachowakwamisha wanaorudi ni nidhamu iliyojengwa juu ya amri hizo. Unafungua tawi, yaani nakala ya pembeni ya msimbo, kwa ajili ya badiliko dogo, unaomba liunganishwe na msimbo mkuu, mwenzako analisoma mstari kwa mstari na kuandika maoni ambayo timu nzima inayaona, majaribio yanajiendesha yenyewe, na likipita linaweza kuwafikia watumiaji siku hiyohiyo. Sisi tulizoea kukaa na msimbo wiki mbili ndipo tuuoneshe, tena tukiwa tumeshaupaka poda. Mtu mzima akisahihishwa kwa maandishi na kijana wa miaka 24 kuhusu jina la fanksheni, inauma. Jipe tu siku chache za kununa, kisha anza nawe kuandika maoni kwenye kazi za wengine. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuujua mfumo, na hakuna anayekukataza kwa sababu umefika jana.

Jambo la pili lililobadilika ni maktaba za watu wengine, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao unauazima. Zamani ukihitaji maktaba uliipakua, ukaitia kwenye folda, ukaisahau. Sasa zana za kuleta maktaba kama Maven, npm, Composer na pip zinakuletea uliyoiomba, pamoja na zile inazozitegemea, na zile ambazo hizo nazo zinazitegemea, hadi unajikuta na mamia. Machi 2016 mwandishi mmoja alikiondoa kwenye npm kifurushi chake kiitwacho left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi mwanzoni mwa maandishi, na miradi mingi ikashindwa kujengwa. Desemba 2021 ikawa zamu ya Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za mfumo. Iligundulika kwamba mshambuliaji akituma maandishi ya namna fulani, na mfumo ukayaandika tu kwenye kumbukumbu zake, seva ingeweza kwenda kuchukua msimbo wa mshambuliaji na kuuendesha. Ndiyo maana timu ya leo inalinda faili linalofunga matoleo ya maktaba, na kila wiki kuna programu-roboti inayoandika kwamba kifurushi fulani kimepitwa. Usiidharau kazi hiyo, nitairudia.

Usalama kwa jumla umekazwa. Kama ulizoea kuhifadhi nywila kwa MD5, njia ya zamani ya kuzificha, achana nayo: tumia njia za sasa, bcrypt au Argon2. Tovuti isiyo na HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofumbwa, kivinjari chenyewe humwambia mtumiaji kwamba si salama. Mengine ya hapa yanasomeka kwa wikiendi.

Na lugha? Java 8, ya Machi 2014, ilileta lambda (fanksheni fupi zisizo na jina) pamoja na java.time, maktaba ya tarehe na saa iliyotuokoa na ile Calendar ambayo Januari kwake ilikuwa mwezi wa sifuri. Toleo jipya sasa linatoka kila miezi sita, na Java 21 ya Septemba 2023 ina nyuzi pepe, njia nyepesi ya kuendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja. PHP 7, mwishoni mwa 2015, iliziondoa kabisa fanksheni za zamani za kuongea na MySQL, mysql_query na wenzake. Python 2 ilifikia mwisho wa matunzo tarehe 1 Januari 2020. Ukiyasoma yote haya kwenye orodha yanatisha. Ukiyakuta ndani ya msimbo ni afadhali sana: aliyeijua Java 6 vizuri anaisoma Java 21 huku akikunja uso mara mojamoja, na baada ya wiki chache uso unakunjuka.

Sasa zigeuze orodha hizo. Kila badiliko nililolitaja limeacha nyuma mifumo ambayo haikubadilika, nayo bado inalipa mishahara na kutoa risiti. Wenye mifumo hiyo wanahitaji mtu wa kuivusha. Chukua mfano mmoja. Oracle, kampuni inayomiliki Java, ilipoikabidhi Java EE (sehemu ya Java ya mifumo mikubwa ya biashara) kwa taasisi ya Eclipse Foundation, jina javax linaloanza majina ya vifurushi vyake halikwenda nayo kwa ajili ya maendeleo mapya, na Jakarta EE 9, jina jipya la Java EE, ya mwaka 2020 ikahamisha majina ya vifurushi vyake kutoka javax kwenda jakarta. Spring Boot 3, kiunzi cha kujengea mifumo ya Java kilichotoka Novemba 2022, kinadai Java 17 au zaidi pamoja na majina hayo mapya. Matokeo yake ni kazi ya kuhamisha msimbo mwingi mno, na kazi yenyewe ina mitego. Anayebadilisha kila javax kuwa jakarta kwa pigo moja anaharibu javax.sql, kifurushi cha kuunganisha na kanzidata, ambayo haihami kwa sababu ni ya Java yenyewe. Halafu inakuja ile maktaba ya kutengeneza PDF ambayo mwandishi wake aliiacha mwaka 2011. Hapo haihitajiki kasi. Anahitajika mtu asiyeogopa kusoma msimbo usiopendeza, anayekumbuka ni kwa nini mambo yaliandikwa vile.

Ushauri wangu kwa anayerudi ni kuingia kwa mlango huo. Vijana wengi waliotoka mafunzoni wanaukwepa, wanataka kujenga upya kwa kiunzi kilichotoka juzi. Ukishindana nao kwenye React, maktaba ya kujenga kurasa za wavuti iliyotoka 2013, unashindana na watu ambao hawajawahi kuandika ukurasa bila React. Kwenye kuvusha mfumo wa 2008, wao ndio wageni.

Kujizoeza pia kufuate mkondo huo. Usinioneshe programu nyingine ya orodha ya mambo ya kufanya. Nimeziona za kutosha. Tafuta mradi huria wa lugha yako uliodorora, wenye toleo la zamani, unaokataa kujengwa kwenye kompyuta ya leo. Kabla hujagusa chochote, andika majaribio yanayorekodi unavyofanya kazi sasa hivi, hata pale unapokosea, maana huenda kuna mtu anategemea kosa hilo. Kisha panda toleo moja moja. Kila hatua ihifadhiwe kwenye Git peke yake, na maelezo yake yaseme kwa nini ulifanya hivyo, kwa kuwa ulichofanya tayari naweza kukiona. Mwombaji akinitumia historia ya namna hiyo, huwa naisoma hadi mwisho, na wasifu wake nausoma baadaye.

Akili mnemba nayo siwezi kuiruka. GitHub Copilot, msaidizi anayependekeza msimbo, ilianza kuonekana 2021, ChatGPT ikaja Novemba 2022, na waliokuwa nje kipindi hicho wananiuliza kama bado kuna haja ya kurudi. Ninaitumia kila siku. Inaandika haraka, na inakosea kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwa hiyo mzigo umehama kutoka kuandika kwenda kusoma na kutilia shaka. Hilo linamfaa mtu mzima aliyewahi kuamshwa usiku kwa sababu ya seva. Ila nina sharti moja kwa anayejizoeza upya: kile unachokirudia kwa mara ya kwanza, kiandike mwenyewe. Iulize ikueleze ujumbe wa hitilafu, ikulinganishie njia mbili, ikuoneshe Java ya leo inavyoandika kitanzi chako cha zamani. Ukiiachia iandike kila kitu tangu mwanzo, utapata programu inayokwenda na mikono ambayo bado haijaamka, na usaili utalionesha hilo katika dakika kumi za kwanza.

Tukija kwenye usaili wenyewe: pengo kwenye wasifu liandikie mstari mmoja. "Nilikuwa mlezi wa familia", mwaka hadi mwaka, basi. Wanaojieleza kwa aya nzima wanatufanya tuanze kutafuta tatizo ambalo halikuwepo. Maswali ya mafumbo ya algoriti bado yapo sehemu nyingi, na sipendi yanavyopima watu, lakini yanajirudia: jedwali la heshi, utafutaji wa nusu kwa nusu, kuzunguka mti. Fanya mazoezi ya kuyatatua huku ukisema unachowaza kwa sauti. Kunyamaza ndiko kunakowaangusha wenye uzoefu, kwa kuwa wamezoea kufikiri peke yao. Baadhi ya waajiri wakubwa wana mipango maalumu kwa wanaorudi baada ya mapumziko. Benki ya Goldman Sachs ilianzisha wake mwaka 2008. Ukiupata wa namna hiyo, uombe bila kuona aibu. Na ubaguzi wa umri upo. Hujitokeza kwa maneno laini, kama "tunatafuta mtu wa kuendana na utamaduni wetu". Ukiyasikia, usianze kujitetea. Wape mfano wa mfumo uliouokoa, kisha uone wanashika lipi.

Ukipata kazi, wiki ya kwanza itakwenda kwenye kuufanya mfumo wao uwake kwenye kompyuta yako, na maelekezo yao yatakuwa na hatua iliyosahaulika tangu mwaka juzi, kwa sababu wenyeji hawaisomi tena. Mgeni njoo mwenyeji apone. Yarekebishe maelekezo hayo kadiri unavyokwama, uombe yaunganishwe, na hapo jina lako litakuwa limeingia kwenye historia ya mradi bila kugusa kitu cha hatari.

Jambo ambalo wengi huona haya kuliuliza ni cheo. Yaelekea watakupa cha chini kuliko ulichoondoka nacho, pengine na mshahara wa kijana. Mimi nilikubali, na ningekubali tena, kwa sababu kurudi ndani kulikuwa na thamani kuliko kuendelea kusubiri nje. Lakini usikubali kwa mdomo tu. Omba iandikwe kwenye barua ya ajira kwamba cheo na malipo vitapitiwa upya baada ya miezi sita, na itajwe nani atakayepitia na atatumia vigezo gani. Wakikataa kuandika, uliza sababu kabla hujatia sahihi.