Heaven or Las Vegas: kwa nini wasikilizaji hawaelewani

Wasikilizaji wa Heaven or Las Vegas, albamu ya bendi ya Uskoti Cocteau Twins, wamegawanyika kambi tatu. Wa kwanza wanaiona kilele cha drimu-pop, yaani pop ya kindoto iliyojaa mwangwi. Wa pili wanalalamika kwamba nyimbo zote kumi ni wimbo mmoja uliorefushwa. Wa tatu, mara nyingi wale walioingia kupitia Treasure, albamu yao ya 1984, wanasema bendi ililainika ikakimbilia soko. Nimewasikiliza wote kwa makini, na naona sehemu kubwa ya ubishi huu haihusu ladha. Inahusu kifaa kinachotumika, na kitu ambacho sikio linakifuata.

Kwanza mambo ya msingi. Albamu ilitoka Septemba 1990 chini ya lebo ya 4AD, ina dakika zisizofika 40, na ilipanda hadi nafasi ya 7 kwenye chati ya albamu ya Uingereza. Elizabeth Fraser anaimba, Robin Guthrie anapiga gitaa na kupanga ngoma za mashine, Simon Raymonde yuko kwenye besi na kinanda. Waliirekodi katika studio yao wenyewe, September Sound, London.

Anayesema nyimbo zinafanana, swali langu la kwanza kwake huwa: unasikilizia nini? Waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa sauti nzito ya Hz 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu inaanza kuishiwa nguvu chini ya Hz 300 au zaidi, kwa hiyo kazi kubwa ya Raymonde haikufikii kabisa. Na katika albamu hii besi ndiyo inayotofautisha wimbo na wimbo. Chukua Pitch the Baby: ukiondoa besi, kinachobaki ni ukungu mtamu wa gitaa na sauti. Ukiirudisha, unakuta wimbo unaotembea kwa mdundo wa kuchezeka kabisa, tofauti na Cherry-Coloured Funk uliotangulia, ambao unajikokota makusudi ili kiitikio kiruke juu ghafla.

Tatizo la pili ni mono, yaani sauti za kushoto na kulia kuchanganywa kuwa moja, na hili huwaponza hata wenye spika nzuri. Gitaa la Guthrie limejengwa kwa tabaka, likapitishwa kwenye vifaa vya mwangwi na korasi. Korasi hutengeneza nakala ya sauti ya gitaa, huichelewesha kwa milisekunde chache, mara nyingi chini ya 30, na muda huo wa kuchelewa hupanda na kushuka bila kutulia. Nakala inayumba kidogo kwa toni, na ikitandazwa kushoto na kulia, gitaa moja linakuwa pana kama chumba. Ukiunganisha pande mbili kuwa moja, baadhi ya masafa ya asili na ya nakala yanauana. Upana unatoweka, gitaa linakuwa jembamba na lenye mvumo wa ndani ya bomba. Spika nyingi za Bluetooth za kipande kimoja zinafanya hivyo. Simu nayo inaweza kuwa imewashwa mono kwenye mipangilio ya ufikivu. Kagua hapo kabla ya kuilaumu bendi.

Zima pia ile mipangilio ya sauti inayoongeza mwangwi wa ukumbi. Muziki huu tayari umejaa mwangwi, na ukiongeza mwingine juu yake maneno ya Fraser yanazama moja kwa moja. Faili za MP3 za kilobiti 128 ni hasara nyingine: kwa kawaida sauti nyembamba zinazozidi kilohezi 16 hivi (Hz 16,000) hukatwa, na mikia ya mwangwi inachafuka na kuwa na sauti ya majimaji. Hedifoni za waya za bei ya wastani zenye faili safi zinatosha.

Sasa maneno. Lalamiko kwamba hayasikiki ni la zamani kuliko albamu yenyewe, kwa sababu Fraser aliwahi kuchagua maneno kwa mlio wake, mengine kutoka lugha asizozijua. Hapa amefunguka zaidi. Pitch the Baby unahusu binti yake, aliyezaliwa 1989, na vifungu kadhaa vya albamu vinasikika wazi kwa Kiingereza. Msikilizaji wa Afrika Mashariki hahitaji kushawishiwa sana: tumeimba rumba ya Kilingala kuanzia mwanzo hadi mwisho, tukalia na kucheza, bila kujua nusu ya maneno. Fuata sauti zinavyopandana. Katika kiitikio cha wimbo uliobeba jina la albamu Fraser anajiitikia mwenyewe, sauti juu ya sauti, na maana inapita humo.

Wanaosema albamu imelainika wana hoja nusu. Nyimbo ni fupi, viitikio vinashika haraka, na giza la kazi za mwanzo limepungua usoni. Lakini furaha hiyo haikuja bure. Guthrie alikuwa amezama kwenye kokeini, na Raymonde alifiwa na baba yake, Ivor, mwaka huohuo wa 1990. Kinanda kinachofungua Frou-frou Foxes in Midsummer Fires kilitokana na msiba huo. Usikilize wimbo wote: unaanza kwa unyonge, kisha kiitikio kinafumuka kwa nguvu ambayo sijaisikia mahali pengine katika drimu-pop. Huo si muziki wa watu waliotulia wakihesabu mauzo. Lalamiko ninalolikubali bila kusita ni la ngoma: mashine inarudia pigo lilelile kwa uzito uleule, na kwenye nyimbo za kasi ugumu huo unaonekana.

Mabishano kuhusu toleo lipi ni bora nayo yanahitaji tahadhari. Guthrie alisafisha upya rekodi hizi kwa ajili ya CD za 2003, na toleo hilo lina sauti kubwa kuliko CD ya 1990. Sikio hupenda kilicho juu hata kwa desibeli moja au mbili tu, kisha akili inakiita bora. Chagua sehemu moja ya wimbo mmoja, tuseme kiitikio cha kwanza cha Iceblink Luck, punguza toleo lenye sauti kubwa zaidi hadi sauti ya Fraser ilingane katika matoleo yote mawili, halafu ndipo ulinganishe besi na mikia ya mwangwi. Wengi wakifanya hivyo hubadili kura yao.