Saratani ya puru husambaa kabla ya kisu
Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, utasikia kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Ile ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, husambaa yenyewe: hupenya ukuta wa puru, ikaingia kwenye mafuta yanayoizunguka, yenye mishipa ya damu na tezi za limfu. Vijisehemu vyake huweza kushuka sentimita kadhaa chini ya uvimbe unaoonekana. Ndiyo maana mwaka 1982 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Bill Heald, alihimiza mafuta hayo yatolewe pamoja na puru, utando unaoyafunika ukiwa mzima. Utando ukichanika, au seli zikiwa milimita 1 au pungufu kutoka ukingo uliokatwa, hatari ya ugonjwa kurudi huongezeka (na hapo ndipo kisu hulaumiwa kuwa kimeisambaza). Kipimo cha MRI (picha za sumaku) huonyesha ukingo huo kabla ya upasuaji. Saratani ikiwa imeukaribia, mionzi hutangulia upasuaji.